Risasi ya Bega la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kasema niandike. Kila kichwa kikiuma — siku, saa, upande gani, kimedumu muda gani. Akanipa na karatasi yenye vijisanduku vidogo, kama vya watoto wa chekechea. Nikaikunja nikaitia mfukoni. Mtu mzima hapewi kikaratasi. Nimejichukulia daftari la maana, jalada gumu, kurasa mia mbili. Nikifa litabaki.

Haya. Leo: kichwa, saa nne asubuhi, nyuma ya jicho la kushoto. Robo saa. Nilikuwa nachomelea geti la yule mama wa duka la dawa, na sikuweka chini kishikio hata sekunde moja. Fundi mwingine angelala chali.

Niseme ukweli hapa, maana hakuna atakayesoma. Nilikiweka chini. Nikakaa juu ya ndoo mpaka kikapita.

Hospitali sikwenda kwa hiari yangu. Kanipeleka binti wa dada, huyu ninayemwita Hakimu. Jina nilimpa mwenyewe alipokuwa na miaka mitano, kwa maswali yake. Ukimwambia fisi amemeza ng'ombe mzima, anakuuliza pembe kaziweka wapi. Sasa ana miaka ishirini na tisa, anafundisha hesabu, na bado anauliza. Mama yake ni dada yangu mkubwa. Alikuwa dada yangu. Tumbo moja, sisi wawili tu. Mwezi wa saba mwaka jana alianguka jikoni kwake, sufuria mkononi. Mshipa ulipasuka kichwani. Saa sita mchana alikuwa mzima, saa kumi hatunaye.

Hakimu kasikia kwamba mambo haya huweza kwenda kwa damu. Akamwambia daktari, mjomba wangu naye kichwa kinamuuma na hasemi. Daktari akasema basi tumpige picha ya mishipa ya kichwa, tuitazame.

Kisha akasema jambo jingine. Hili naliandika polepole. Nikikutwa na tatizo hilo la mshipa na mimi, tukawa wawili wa tumbo moja, basi na watoto wa dada itabidi wapigwe picha hiyo hiyo. Dada ana mtoto mmoja. Ndiye aliyekuwa amekaa kando yangu, kabana mkoba mapajani, anaangalia kalenda ya ukutani kama vile hayo yanasemwa juu ya mtu mwingine.


Jumatano, 5 Machi

Hakuna kichwa. Nimebeba mlango wa chuma peke yangu toka garini hadi ndani. Ule huwa wa watu wawili.

Tulikuwa wawili. Ila yule mwenzangu alishika tu.


Alhamisi, 6 Machi

Siku ya picha. Picha haikupigwa.

Chumba kiko chini kabisa, mwisho wa ukumbi mrefu usio na dirisha. Mlango mzito, mzuri — nimeukagua, bawaba zake ni za kazi. Umeandikwa kwa herufi nyekundu usiingie na chuma chochote. Nje kuna viti vinne na sanduku la kuwekea saa na mikanda.

Wakaleta fomu. Nikasema nimesahau miwani. Sikuisahau, ilikuwa mfukoni. Sipendi mtu anione nikisoma kwa kidole. Darasa la sita ndiko nilikoishia, na mwalimu mwenyewe alisema nilikuwa na akili kuliko yeye — au alisema nina maneno kuliko yeye, moja kati ya hayo. Hakimu akachukua kalamu akawa ananisomea. Una kifaa cha moyo? Hapana. Umewahi kupasuliwa? Hapana. Halafu: una kipande chochote cha chuma mwilini, kama risasi, au vyuma vya kuunga mifupa?

Sijafungua mdomo, keshaandika. "Ndiyo. Risasi, bega la kushoto." Akapiga na mstari chini yake.

Fundi wa picha ni binti mfupi, viatu vya raba vya kijani, sauti ya chini. Alisoma fomu akaweka kalamu. Akatueleza kwamba mle ndani kuna sumaku, na si sumaku ya kuokotea misumari. Haizimwi usiku wala mchana. Ukiingia na spana inaruka yenyewe. Ameshaona kitanda cha magurudumu kikivutwa kikanasa, ikawa kazi ya siku mbili kukitoa. Akaniuliza hiyo risasi iliingia lini, nani alinitibu.

Basi ikatoka yote. Ghala, usiku wa giza, majambazi na bunduki, mimi kijana wa miaka kumi na sita nimeegemea mlango kwa bega wasiingie. Nilianza na majambazi wanne. Nilipofika kwenye damu walikuwa saba.

"Mjomba, walikuwa sita," Hakimu akanisahihisha.

Yule binti alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akasema leo hatuwezi. Kwanza bega lipigwe eksirei, tujue hiyo risasi imekaa wapi na ni ya namna gani. Jumanne. Ikiwa ipo, daktari atafute njia nyingine, ingawa hii ya sumaku ndiyo aliyoitaka kwa sababu haihitaji dawa ya kuingiza mwilini, na figo zangu kwenye vipimo hazikumfurahisha.

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini Hakimu alikuwa amenishika mkono wa kushoto, taratibu, vile unavyoshika mahali penye maumivu. 

Kichwa: saa nane mchana, dakika ishirini.


Ijumaa, 7 Machi

Nimemsimulia Kinyozi. Kibanda chake na karakana yangu vimepakana ukuta, hakuna linalonipata asilijue kabla ya chakula cha mchana. Nikamwambia sumaku ya hospitali imenikataa. Kwamba mlango ulipofunguliwa nilisikia bega linavutwa, wahudumu wawili wakanishika kiuno.

Kinyozi akazima mashine ya kunyolea, mteja kanyolewa nusu. "Kwa hiyo hospitali nzima imeliogopa bega lako."

Nikasema ndivyo.

"Basi Jumanne utuletee hiyo picha niibandike hapa kwenye kioo. Miaka yote nasikia sauti ya risasi tu, sijawahi kuiona sura."

Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sauti kuliko wote. Nimerudi karakana nikawasha grenda bila kazi yoyote, niisikie tu.


Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kaenda kwa ndugu zake. Nyumba iko kimya. Nimekaa kibarazani na daftari.

Risasi haipo.

Nimeliandika. Sijawahi kuliona likiwa limeandikwa.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na uwanja wenye ukuta, wakionyesha filamu Jumamosi jioni. Hatukuwa na tiketi. Juu ya ukuta walipanga vipande vya chupa. Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, anakaribia kuolewa, na bado aliinama akaniambia panda. Nikapanda mabegani kwake. Nikaona farasi mmoja na mwanamke aliyevaa kofia, halafu nikateleza. Kioo kikaingia begani. Dada alikitoa kwa vidole vyake, gizani, akanifunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Njia nzima nyumbani alikuwa anasema, baba atatuua, baba atatuua.

Jioni hiyo hiyo zilikuwa zimesikika risasi upande wa maghala, polisi wakifukuza wezi. Mtaa mzima ulisikia. Baba alipofungua mlango na fimbo yake, dada akasema bila hata kumeza mate: amepigwa risasi, alikuwa anapita ghalani.

Fimbo ikaanguka. Baba, ambaye hakuwahi kunibeba tangu nitambae, alinibeba mpaka zahanati. Mwuguzi aliyenishona alitazama kidonda, akamtazama dada, akatazama uzi wake. Akaanza kushona. Asubuhi baba alikuwa barabarani anawahesabia watu majambazi.

Kwa hiyo risasi ile aliitunga dada. Ile ya kubaki ndani niliongeza mimi, baadaye. Na ile ya kuzuia mlango. Lakini mbegu ni yake. Na hakuniacha nayo peke yangu. Miaka yote hii nikisimulia, yeye akipita na sinia la chai, anatupia lake. "Damu ilijaa ndoo," anasema. "Nilimwaga mwenyewe." Halafu anaenda zake jikoni na uso mkavu kama pasi. Hakimu amekua akiisikia kwa sauti mbili.

Nikiiondoa risasi, namwondoa na yeye kwenye hadithi. Na namwambia mwanawe kwamba mama yako alikuwa mwongo kama mimi. Miezi minane tu toka tumzike.

Kichwa hakikuuma leo. Kitu kingine.


Jumanne, 11 Machi

Nilikubaliana na Hakimu tukutane saa tatu. Nikaenda saa mbili.

Binti wa viatu vya kijani alikuwa anafungua mlango. Nikamwambia nina jambo. Nikamwambia lote, mpaka farasi. Kumwambia mtu usiyemjua ni rahisi, kama kutema mate.

Hakucheka. Akasema, "Mzee, watu huja hapa wakaficha chuma walicho nacho. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea ambacho hakipo."

Hata hivyo bega akalipiga picha. Akasema yeye hafuati maneno, anafuata picha. Nilisimama kifua wazi mbele ya ubao baridi, nikashika pumzi. Dakika tano baadaye akaniita kwenye kompyuta. Mfupa wangu, mweupe, msafi, kama wa mtoto. Nimelitazama lile bega nikalionea huruma. Kubeba sifa zote zile na ndani hamna kitu.

Nikadhani tumemaliza. Akarudia fomu, maana siku ile tulikwama kwenye swali la risasi, yaliyofuata hatukuyafikia. Kazi yangu? Fundi wa kuchomelea. Cheche zimewahi kuniingia jichoni? Nikamwambia mimi si fundi mzembe. Akasubiri, kalamu hewani. Nikasema, mara nyingi. Unatoa kwa njiti ya kiberiti na kioo, unaosha, unaendelea. Kila fundi anajua.

Akayapiga picha na macho.

Safari hii hakuniita haraka. Alimwita kwanza mwenzake, wakainama wote wawili. Kwenye jicho la kushoto kuna kinukta cheupe. Kidogo kuliko punje ya chumvi. Chuma. Kimekaa humo sijui miaka mingapi, kimenyamaza, wala sikuwahi kukisifia hata siku moja.

Akanieleza kwa ile sauti yake ya chini. Ningeingia mle, sumaku ingekivuta. Ningeweza kutoka na jicho moja.

Kwa hiyo mashine ya sumaku siingii kamwe. Jumatatu ni ile nyingine, ya duara, ya mionzi, pamoja na dawa ya kuingizwa kwenye mshipa. Daktari kakubali. Ninywe maji mengi kwa ajili ya figo.

Nikatoka. Hakimu anakuja mbio ukumbini, chupa ya maji mkononi, hajakosea hata dakika. Mjomba, mbona umekuja peke yako? Wameona nini? Imekaa wapi?

Nikafungua mdomo ili niseme. Kikatoka hiki: imeyeyuka.

Nikasema joto la kuchomelea, miaka thelathini na nane, bega hili ndilo la upande wa moto, limeiyeyusha kidogo kidogo. Madaktari wenyewe wameshangaa. Yule binti wa viatu vya kijani alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, akaingia ndani, akafunga mlango wake mzito polepole.


Jumatano, 12 Machi

Kinyozi kaikubali ile ya kuyeyuka. Si kuikubali tu, kaitetea! Mteja mmoja alibisha kwamba mwili ungeungua kwanza. Kinyozi akamwuliza, wewe umewahi kuwa na risasi? Basi nyamaza unyolewe.

Na lile la jicho nimelisimulia pia, kwamba sumaku nusura ininyonye jicho. Hilo la kweli ndilo hakuliamini.

Hakimu kapita jioni, kaleta mkate na dawa zangu za presha. Alikaa. Alikunja mfuko wa mkate mara nne. Kisha akauliza, kwa upole kabisa:

"Ikayeyuka ikaenda wapi?"

Nikamwambia mambo ya mwili ni mapana. Akaitikia. Alipoondoka aliniaga vizuri, ila hakuligusa bega.


Ijumaa, 14 Machi

Kichwa, saa moja asubuhi, dakika arobaini. Kirefu kuliko vyote. Jicho la kushoto lilitoa machozi.

Nilikuwa nafikiri juu ya kile kinukta. Kimeingia lini? Zamani hatukuwa na miwani ya plastiki, ilikuwa ile moja ya kuchomelea tu, na grenda tulisaga macho makavu. Hakimu akitoka shule alikuja kukaa kwenye kigoda chake karibu yangu, mama yake hajatoka kazini. Namsimulia huku nasaga. Cheche zinaruka kama maua, anapiga makofi. Siku moja alishika jicho akalia. Nilimwosha kwa maji ya kopo, akanyamaza. Nikamwambia dada ni vumbi. Vumbi tu lile.

Mke wangu kaniuliza majibu ya bega. Nikaanza na joto la kuchomelea. Hakuniacha nifike popote.

"Nimelalia bega hilo miaka ishirini na tano," akasema. "Kovu la kioo silijui?"

 Kumbe siku zote alijua na hakunivua nguo mbele za watu. Akaendelea kuchambua mboga. Baadaye akasema, bila kuinua macho: "La bega ni lako na dada yako, mlimalizana. Ila la kichwani si lako peke yako."


Jumatatu, 17 Machi

Nimepigwa.

Walinichoma sindano ya mrija hapa kwenye kiwiko. Nimelala kwenye ubao, kichwa kimefungwa kwa mkanda nisitikisike, mashine kama bangili kubwa inakuzunguka. Yule wa viatu vya kijani akaniambia toka nyuma ya kioo: dawa inaingia, utasikia joto, utadhani umejikojolea, hujajikojolea.

Lilianzia kooni likateremka kama maji ya moto ndani ya bomba. Na kweli! Nilijua kabisa nimejiaibisha. Walipotoka kunifungua, kitu cha kwanza nilipapasa. Mkavu.

Hapo nimecheka. Lakini kabla ya hapo, mle ndani, kichwa kimefungwa, hakuna wa kumsimulia. Nikawa na dada tu.

Siku ile aliyoanguka jikoni, alipita karakana asubuhi. Hilo sijamwambia mtu. Alisimama mlangoni, mkono kisogoni, akasema kichwa chake leo si cha kawaida, kama kapigwa nyundo. Nikamjibu — nilikuwa na wateja, nilitaka wacheke — nikamjibu, kichwa tu? Mimi nina risasi begani na umewahi kunisikia nikilalamika?

Akacheka. Yeye aliyejua hakuna risasi, alicheka. Akasema haya, shujaa, akaenda kupika.

Ningemwambia, kaa hapo kwenye ndoo, tuite gari. Pengine isingesaidia. Daktari anasema pengine isingesaidia. Lakini ningekuwa nimemwambia.


Jumanne, 18 Machi

Maji. Maji. Hakuna kichwa.


Alhamisi, 20 Machi

Nilikwenda peke yangu. Hakimu alikuwa anasahihisha mitihani, na nilimwambia ni Ijumaa. Yaani kesho. Uongo mdogo.

Daktari alizungusha kioo cha kompyuta nione. Sijawahi kuona kitu kama kile. Kaondoa mfupa wote, kaondoa ubongo wote, kaacha mishipa peke yake inaning'inia gizani. Anaigeuza kwa kidole, huku, kule, chini, juu. Nimekaa na kile kichwa miaka hamsini na minne na sikujua kama ndani kumesukwa hivyo. Mabomba manne makubwa yanapanda shingoni, yanakutana chini ya ubongo yanaungana kama duara, halafu yanagawanyika, yanagawanyika tena, mpaka yanakuwa nywele. Hakuna fundi angeweza. Nasema mimi, hakuna fundi.

Akasimama kwenye njia panda moja, upande wa kushoto. Kalamu yake ikagusa. Pale mshipa unapogawanyika, ukuta umetuna. Kama puto dogo linalotaka kupulizwa. Milimita nne.

Sikuhitaji maelezo marefu. Nimeona mabomba maisha yangu yote. Bomba halitobokei katikati, linatobokea kwenye kiungo, pale maji yanapogonga ukuta yakageuka. Unaona kwanza kijivimbe. Wengine hukaa miaka kumi na kijivimbe chao, hakifanyi lolote. Nikamwambia hivyo. Akasema mzee, umeeleza kuliko mimi. Nimeliandika hilo kwa sababu ni kweli alilisema. Hili ni kweli.

Kwa sasa hawapasui. Presha ishuke, sigara niache leo, si kesho, na baada ya miezi sita picha nyingine tuone kama limekua. Kichwa kikija ghafla kama radi, nisisubiri mtu.

Kisha akauliza, yule binti wa dada yako yuko wapi? Akasema sasa mko wawili. Anatakiwa apigwe, mapema, angali mzima. Nimpigie simu nimweleze mimi?

Nikasema hapana. Nitamwambia mwenyewe.

Kaniandikia barua ya Hakimu, kanipa na picha zimechapwa kwenye karatasi kubwa nyeusi inayong'aa. Bahasha ya kaki. Nimeiweka juu ya kabati.


Ijumaa, 21 Machi

Hakimu kapiga simu mara tatu. Sikupokea. Nikamwomba mke wangu amwambie majibu bado. Akanipa simu mkononi, akatoka.

Tatizo ni hili. Nikimwambia kuna kitu, ataniangalia vile vile alivyoniangalia siku ya mkate. Ataniuliza, kikaenda wapi. Nimemlea kwa majambazi sita. Nikienda leo na puto la milimita nne, kwa nini aniamini? Na asipoamini, hataenda. Namjua. Anaogopa, na mwenye kuogopa hutafuta sababu ndogo tu.

Nikimwambia hakuna kitu, atafurahi. Atanishika bega.

Sigara: sijavuta. Hilo nalo ni kweli.


Jumamosi, 22 Machi

Saa tano asubuhi. Hakimu yuko mezani kwangu, simu sikioni, hospitali wamemwambia asubiri. Naandika kwa sababu nisipoandika mikono haina kazi.

Kaja saa tatu. Shikamoo, marahaba. Akakaa, akasema, Mjomba, jana ulikuwa wapi. Nikafungua vifungo vya shati. Akashtuka. Nikamwonyesha kovu, nikamwambia: hiki ni kioo cha chupa. Nikamwambia ukuta, farasi, mwanamke wa kofia. Nikamwambia mabega niliyopanda yalikuwa ya nani, na ni nani aliyesema neno risasi kwanza.

"Mama?" akasema. "Mama naye?"

Nikasema mama yako ndiye fundi, mimi nilikuwa napaka rangi tu.

Akafunika uso kwa viganja. Mabega yakatikisika. Sikujua analia au anacheka, na sikuthubutu kuuliza. Mke wangu alisimama mlangoni na chai akarudi nayo. Kisha, toka ndani ya viganja: "Na ile ndoo ya damu. Kila siku alikuwa anaongeza ile ndoo."

Nikamwambia na ile asubuhi ya karakana. Nyundo, na nilivyomjibu. Hapo hakucheka wala hakulia. Aliniangalia tu, nikamwacha aniangalie.

Ndipo nikateremsha bahasha. Akasoma barua ya daktari mara mbili, midomo inatembea. Akauliza, "Na hili la kichwani, nalo limetungwa na nani?"

"Hili hakulitunga mtu," nikasema.

Akachukua ile karatasi nyeusi, akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Mishipa yangu yote ile, na nyuma yake kamba ya kuanikia nguo na mashuka. Akasema nionyeshe. Nikanyoosha kidole. Hapa? Au huku? Kwenye kompyuta daktari alikuwa anageuza, hapa hapageuki. Njia panda ziko nyingi. Ningeweza kuchagua moja, yoyote, nikaielezea vizuri kabisa, angeamini.

Nikasema, "Sijui ni ipi."

Sikumbuki nilisema neno hilo lini mara ya mwisho mbele yake. Aliishusha picha akanitazama kama mtu aliyesikia jina lake. Hapo hapo akatoa simu.

Wamerudi hewani. Anarudia kila swali kwa sauti, ndivyo anavyofanya na darasani. Jina. Umri. Aliyefariki ni mama mzazi, ndiyo. Mwingine ni mjomba, ndugu wa mama, tumbo moja, majibu ninayo hapa mkononi. Wanamwandikia ile ya sumaku, haihitaji dawa. Alhamisi, saa mbili. Sauti yake haitetemeki. Mke wangu kaleta ile chai tena, kaiweka katikati yetu.

Sasa ni fomu, wanaijaza kwa simu. Kifaa cha moyo — hapana. Amewahi kupasuliwa — hapana. Risasi —

Kanitupia jicho. "Hapana," kasema, na kidogo atabasamu.

Chembe ya chuma jichoni, hata ya zamani, hata ya utotoni? Amefungua mdomo kusema hapana. Hajasema. Anatazama mlango wa nyuma, karakana ilipo, kigoda bado kiko pale. Kaiondoa simu sikioni, kaifunika kwa kiganja. Kalamu yangu inatembea yenyewe.

"Mjomba," kasema. "Siku ile lilikuwa vumbi?"